Re: Bajeti ikichelewa bungeni, mishahara inatoka wapi?

Mkuu umeuliza kama wabunge hawajamaliza bajeti na mwaka wa fedha ushaanza, serikali inalipa watu kwa hela gani. Hela kwenye mfuko mkuu wa serikali zipo, ishu ni ruhusa ya kuzitoa, maana bila idhini ya bunge hata senti haigusiki.

Sasa kila nchi na mlango wake wa dharura. Kenya ibara ya 222 ya katiba inaruhusu Bunge la Taifa kuidhinisha pesa zitoke kabla ya sheria ya matumizi (ile inayoruhusu bajeti itumike) kusainiwa, ila zisizidi nusu ya makadirio ya mwaka yaliyowasilishwa, na ni za kuendeleza huduma tu. Uhispania wao hawahangaiki, bajeti ya zamani inajiongezea muda yenyewe, ile ya 2023 waliitumia hata 2024 na 2025 eti! Marekani ndo vituko, mwaka wao unaanza tarehe 1 Oktoba na wasipopitisha hata muswada wa matumizi ya muda basi ofisi za serikali zinafungwa, ile ya 2018 kuingia 2019 ilienda siku 35, wengine wakawa wanapiga kazi bila mshahara, walilipwa baadae.

Mi naona ya Kenya ina akili kidogo, ile nusu inawabana. Ila usitegemee miradi mipya kipindi hicho, kwa kawaida hela za muda zinaenda kwenye mishahara, madeni na huduma zilizokuwepo, so kama una tenda mpya unaisubiri hapo jiandae kusota.