Orodha ya kanda za Lamu yawezekana

Dada uliyeuliza kama kanda za taarab na kasida zilizo majumbani Lamu zaweza kuorodheshwa zote: zaweza, na mfano upo. Mwingereza Hugh Davies, aliyewahi kuwa msaidizi wa mtunzi Mjerumani Stockhausen, alikusanya orodha ya muziki wa kielektroniki na wa kanda (yaani uliotungwa studioni kwa sauti zilizorekodiwa) wa dunia nzima, ikatoka 1968. Aliipanga kwa nchi na studio, akaandika mtunzi, jina la kazi, mwaka, urefu wake, na ilitengenezwa kwa ajili gani: filamu, dansi, au kusikilizwa ukumbini. Hilo la mwisho msiliache kabisa, maana kanda ya harusi si ya Maulidi hata kama sauti ni ya mtu mmoja.

Na Afrika imo katika muziki huo tangu mwanzo. Halim El-Dabh wa Misri alirekodi zaar, ngoma ya kupunga pepo, Cairo mwaka 1944 kwa waya wa sumaku, akaichezea sauti studioni, miaka minne kabla ya Mfaransa Pierre Schaeffer kuanza kutunga kwa sauti zilizorekodiwa kule Paris.

Msingoje kuzihamishia kwenye kompyuta kwanza. Andikeni hata iliyoshika ukungu, nani anayo, na imenakiliwa kutoka ipi. Anzeni na wazee wa mtaa wa Mkomani.