Ada ya kusomea ukili

Asha mwanangu,

Assalaam alaykum. Sote hatujambo, na mwanao keshaizoea nyumba. Asubuhi ua anaufagia kabla sijamwambia.

Ulinitumia sauti ukaniuliza: "Mama, nilipe ada mtoto akasomeshwe kusuka ukili, mkanda tu wa kushonea mikeka na vikapu, na wewe upo hapo barazani na majani ya ukindu yamejaa nyumba nzima?" Sikukujibu siku ile kwa kuwa jibu sikuwa nalo. Hata mimi liliniuma, nikaona kama naambiwa mkono wangu hautoshi. Basi Jumatano nikapanda gari hapa Wete hadi Chake Chake, nikaenda kwenye hicho chuo cha ufundi nikajionee.

Kwa maseremala nilipita tu. Vijana walikuwa wanatia nakshi mwimo wa mlango, mti wa mfenesi, na wasichana wawili wamo, patasi mkononi, hawana habari na mtu. Nilifurahi, nikaenda zangu kwenye ukili.

Pale nilikaa mpaka adhuhuri. Msichana mmoja, rika la mwanao, alikuwa kasuka ukili unaomzidi kimo, umekaza, mzuri. Mwalimu akauwekea rula mwanzo, kati na mwisho. Mwishoni upana umepungua nusu sentimita. Akamwambia afumue mpaka pale ulipoanza kupungua. Roho iliniuma. Nilitaka kusema, mwalimu, mwachie mtoto, nusu sentimita nani ataiona? Kisha nikakumbuka vile vikapu.

Wewe ulikuwa Dar masomoni, sikukuhadithia. Hoteli moja iliniagiza vikapu 20 vya kufanana. Mawifi zangu watatu nikawagawia vitano vitano, nami nikabaki na vitano, nikawaambia upana shubiri mbili, kimo shubiri moja na nusu. Tukakesha. Siku ya kuvipanga pamoja, vimepishana: cha huyu kinene, cha yule kimesinyaa. Shubiri ya wifi yangu mkubwa si shubiri yangu. Wakachukua sita, 14 vikarudi, na pesa ya rangi nilikuwa nimekopa. Bibi yako alinifundisha kwa shubiri, naye alifundishwa hivyo hivyo, na kwa mkeka wa kulalia shubiri inatosha kabisa. Kwa oda haitoshi. Mimi sikuwa na wa kuniambia.

Na bei, mwanangu. Kila mwanafunzi ana daftari: ukindu kiasi gani, rangi kiasi gani, saa ngapi za kusuka, ngapi za kushona kwa sindano ya shazia. Anajumlisha, bei inatoka hapo. Mimi miaka yote bei nilitajiwa na mnunuzi, nikapokea nikashukuru. Nilimwomba binti mmoja anihesabie ule mkeka niliouza kabla ya Ramadhani. Alipomaliza nilinyamaza kidogo, kwani saa zangu zote pale zilikuwa bure.

Rangi nako wanafundishwa vizuri. Ukindu ukishachemshwa, ukaoshwa na kukauka, wanausugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa; kikishika rangi, unarudi kuoshwa. Ila weusi wa mizizi ya mdaa hawautoi, wanatumia rangi ya unga tu. Nilimwambia mwalimu waziwazi kwamba hilo ni pengo, naye akakubali nije siku moja na mizizi yangu.

Lililonisikitisha ni jingine. Nilimwuliza yule msichana wa rula ukindu wake umekatwa wapi. Akaniambia unaletwa kwa mafungu, mkavu tayari. Mkindu wenyewe hajausogelea. Hajui kwamba linachukuliwa kuti changa lisilofunuka, wala kwamba huondoi machipukizi yote ya shina moja, mti ukakosa pa kuendelea. Na ukimpa ukindu na miyaa gizani hatatofautisha, wakati wewe ulikuwa na miaka saba ukajua kwa vidole kwamba huu laini wa mkeka na ule mgumu wa jamvi.

Kwa hiyo lipa ada, Asha. Rula, daftari na rangi atavipata kule. Ukindu niachie mimi. Ijumaa tutakwenda naye bondeni, nimeshamtilia makali kisu kidogo, kile cha bibi yako chenye mpini wa mpera. Utakapotuma pesa, ongeza ya daftari moja la pili. La kwangu.

Mama yako,
Wete