Maswali ya Wasomaji: Tarumbeta Zilizokaa Kimya

SWALI: Mheshimiwa mhariri, hivi karibuni nilihudhuria tamasha hapa Kisumu ambapo kwaya ya watu sitini iliimba sehemu za Messiah, oratorio (simulizi takatifu la kuimbwa na kwaya, waimbaji wa solo na okestra) ya mtunzi Handel, pamoja na okestra ndogo na waimbaji wanne wa solo. Wapiga tarumbeta wawili na mpiga ngoma walikaa mikono mapajani karibu saa nzima, wakapiga nyimbo mbili tatu, kisha wakakaa tena. Sisi wanakamati tuliochanga nauli na malazi yao kutoka Nairobi tunaulizana kama tulipata haki yetu. Je, mwakani tuwaombe wapige kila wimbo, au tuwaache kabisa? – Mwanakamati, Milimani, Kisumu.

JIBU: Ndugu mwanakamati, haki yenu mliipata, na ule ukimya wao ulikuwa sehemu ya kile mlichokilipia. Handel alipoitunga kazi hii mjini London mwaka 1741, kwa muda wa siku zipatazo 24, aliijenga karibu yote juu ya ala za nyuzi, yaani fidla, viola, selo na besi kubwa, pamoja na kinanda. Tarumbeta mbili na ngoma mbili aliziweka akiba. Katika sehemu ya kwanza tarumbeta husikika mara moja tu, malaika wanapoimba “Atukuzwe Mungu juu mbinguni”, na hata hapo mtunzi aliagiza zipigwe kana kwamba zinatoka mbali, tena kwa sauti ya chini kidogo. Ngoma haziguswi mpaka “Haleluya”, wimbo unaofunga sehemu ya pili. Katika sehemu ya tatu tarumbeta moja huandamana na mwimbaji wa besi katika maneno ya Paulo kwamba parapanda italia na wafu watafufuliwa, kisha tarumbeta zote mbili na ngoma hurudi katika kwaya ya mwisho ya kumsifu Mwana-Kondoo. Ni hayo tu, katika kazi ambayo ikiimbwa yote huchukua zaidi ya saa mbili.

Sababu moja ya mpango huu inatokana na chuma chenyewe. Tarumbeta ya siku za Handel haikuwa na vali za kubonyeza kwa vidole. Hizo zilibuniwa mwanzoni mwa karne ya 19. Mpigaji alipata tu zile noti ambazo bomba hutoa midomo inapokazwa au kulegezwa, na kwa lugha ya solfa tunayoisoma katika kwaya zetu, upande wa chini na wa kati alipata “do”, “so”, “do”, “mi”, “so”, na ni juu kabisa tu ndipo alipoweza kupanda noti moja baada ya nyingine kama ngazi. Ngoma nazo zilikazwa kwa noti mbili, “do” na “so”. Kwa kuwa tarumbeta hizo zilitengenezwa kwa ufunguo wa D, nyimbo zote nne nilizozitaja ziko katika D, na nyimbo zilizo katika funguo za mbali hazikuwa na nafasi kwao hata kama mtunzi angetaka.

Hata hivyo, sababu iliyo kubwa zaidi ni masimulizi, na hapa ningependa mrudie kusikiliza ile sehemu ya wachungaji. Soprano wa solo, yaani mwimbaji wa sauti ya kwanza, huanza kwa kueleza tu, karibu kama mtu anayesoma Injili ya Luka kwa sauti, kwamba wachungaji walikuwa makondeni, naye anashikiliwa na selo na kinanda peke yake. Malaika anapotokea, fidla zinaingia na kumzunguka kama mwanga. Malaika anaposema “msiogope”, fidla zinanyamaza, kinanda na selo zinabaki, na neno hilo linasikika wazi kabisa. Kisha jeshi la mbinguni linatokea ghafla, fidla zinaanza kukimbia kwa noti fupi fupi za haraka, na kabla msikilizaji hajatulia kwaya nzima inasimama pamoja na tarumbeta ambazo hakuna aliyekuwa amezisikia tangu jioni ianze. Mbingu inafunguka kwa hatua, na kila hatua imetengenezwa kwa kuongeza au kuondoa wapigaji. Kama tarumbeta zingekuwa zimelia tangu wimbo wa kwanza, malaika hao wangefika bila mtu kuwatambua.

Kwa hiyo msiwaombe wapige kila wimbo, na ninawasihi msiwaache nyumbani. Mtu wa Kakamega au Vihiga aliyewahi kukaa karibu na isukuti anajua jinsi ngoma inavyoweza kumwinua mtu kitini. Sasa afikirie ngoma iliyosubiriwa tangu jioni ianze. Jambo linalonisikitisha katika matamasha yetu ni mazoea ya mpiga kinanda wa umeme kujaza kila nafasi iliyo wazi, akirudia noti za fidla, za kwaya, na hata za mwimbaji wa solo, kwa kuwa ibada za kila Jumapili zimemzoesha kwamba ukimya ni kosa la mpigaji. Mwalimu wa kwaya na akae naye mapema, waipitie nakala yake ukurasa kwa ukurasa, wakatie penseli kila mahali ambapo hapaswi kupiga.

SWALI: Ninafundisha kwaya ya kanisa yenye waimbaji 40. Nina wanawake watatu wa sauti ya kwanza wanaoimba vizuri, lakini hakuna hata mmoja ambaye sauti yake hujaza kanisa. Je, sehemu za solo tukiziimba sauti ya kwanza yote kwa pamoja tutakuwa tumekosea, au ni lazima tukodi mwimbaji kutoka nje? – Mwalimu wa kwaya, Kakamega.

JIBU: Mwalimu, usiziimbishe kwa pamoja, hasa zile sehemu za kusimulia. Hapo mwimbaji hafuati mapigo ya mkono kama kwaya ifuatavyo. Yeye ndiye anayeongoza, anaharakisha neno hili na kulikawiza lile kulingana na maana, na selo pamoja na kinanda vinamsubiri mwishoni mwa kila sentensi. Watu kumi hawawezi kufanya hivyo pamoja bila kugeuza simulizi kuwa gwaride, na msikilizaji hupoteza kile alichokijia, yaani mtu mmoja anayemweleza habari.

Kuhusu udogo wa sauti, historia yenyewe iko upande wako. Messiah ilipoimbwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu, mjini Dublin tarehe 13 Aprili 1742, nyimbo za sauti ya pili ziliimbwa na Susannah Cibber, mwigizaji wa jukwaa aliyejulikana zaidi kwa jinsi alivyoyatamka maneno kuliko kwa nguvu za sauti, na watu walisisimkwa naye alipoimba yale ya Isaya, “Alidharauliwa na kukataliwa na watu”. Wanaume walioimba solo siku hiyo walitoka ndani ya kwaya za makanisa makuu mawili ya mji huo. Hawakuwa wageni waliokodiwa kwa sifa zao. Waliimba sehemu yao, kisha wakaendelea kuimba na wenzao. Handel mwenyewe alizihamisha nyimbo kutoka sauti moja hadi nyingine kulingana na waimbaji aliokuwa nao, kwa hiyo wewe pia unaweza kugawa nyimbo za soprano kati ya hao wanawake watatu, kila mmoja apate ule unaoifaa sauti yake.

Lakini ukifanya hivyo, ni lazima okestra iwapishe, na hili ndilo tunalolisahau mara nyingi. Wapigaji wanapoambiwa “punguzeni”, hupunguza kwa mistari minne kisha mikono huwasahau. Njia ya hakika ni kupunguza watu: nyuma ya mwimbaji wa solo wabaki wapigaji wawili kwa kila sehemu ya fidla, selo moja na besi moja, na wengine waingie tena pale kwaya inapoingia. Handel alitumia utaratibu wa namna hiyo, kwa alama zinazoonyesha ni wapi wapigaji wa ziada wanyamaze na ni wapi warudi. Sisemi haya kwa kubuni tu. Nimeona mwimbaji wa sauti ndogo akisikika mpaka mlangoni kwa sababu fidla nane zilikuwa zimewekwa mapajani.

Ushauri huu una mipaka yake. Ukichagua Elijah, oratorio ya Mendelssohn juu ya nabii Eliya, iliyoimbwa kwanza Birmingham mwaka 1846, nabii mwenyewe ni mwimbaji wa besi anayebeba jioni karibu nzima, akibishana na kwaya, akiomba mvua, akikata tamaa nyikani. Kwa kazi hiyo tafuta mtu aliyezoea, hata kama gharama itauma. Requiem ya Mozart, yaani misa yake ya wafu, ni kinyume chake, kwa maana waimbaji wanne wa solo huimba kwa sehemu kubwa wakiwa pamoja, na kinachohitajika ni sauti zinazopatana kuliko sauti moja kubwa.

SWALI: Kwaya yetu husoma solfa, na mazoezi yote tulifanya kwa kinanda cha umeme. Siku okestra ilipokuja tulipotea: tuliambiwa tuko chini, baadaye kwamba tunachelewa, ingawa tulikuwa tumejiandaa. Kosa lilikuwa la nani? – Mwimbaji wa sauti ya pili, Nakuru.

JIBU: Dada, huenda hapakuwa na kosa la mtu. Kinanda cha umeme hakibadiliki kwa jua wala baridi, lakini okestra hubadilika. Ukumbi unapopata joto, ala za kupuliza hupanda, huku nyuzi zikilegea na kushuka; wenzenu wa Kisumu wanaoimba alasiri chini ya paa la mabati wanalijua hili kuliko ninyi wa Nakuru, ambako jioni mambo huenda kinyume, baridi ikiingia na ala za kupuliza zikishuka. Ndiyo maana okestra hukaza upya baada ya mapumziko. Wapigaji wote huchukua noti ya A, kwa kawaida kutoka kwa oboi, ala ya kupuliza, kama ipo, na ninyi mnapoimba katika ufunguo wa D, A hiyo ndiyo “so” yenu. Isikilizeni, muivumishe kimya kimya kichwani, kisha mshuke mpaka “do”. Solfa haiwazuii hata kidogo, mradi mmeipata “do” ya jioni hiyo.

Kuhusu kuchelewa, fikirieni mahali mlipo. Kwaya husimama nyuma ya okestra, na sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mkiwa mita 17 kutoka kwa fidla za mbele mnazisikia baada ya sehemu ya ishirini ya sekunde. Mkiimba mara tu mnapozisikia, nanyi sauti yenu ikasafiri tena kuelekea kwa wasikilizaji, mtakuwa mmechelewa mara mbili. Fuateni mkono wa mwongozaji kwa macho, na herufi za mwanzo wa kila neno zitamkeni kabla kidogo ya pigo, ili irabu ndiyo iangukie pigo lenyewe. Ombeni pia mazoezi mawili na okestra badala ya moja, na lile la kwanza lisifanyike siku ya tamasha.