Kuhusu huo mlima unaotaka kuupanda

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza kama kupanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na wenzako wa kazini tarehe 9 Desemba kutakukomaza roho, maana tangu lile duka lako life unajiona umelegea. Kwanza viatu: usinunue vipya wiki ya safari, vitakuchubua kabla hujafika Mandara, kambi ya kwanza.

Pole pole nimekuimbia tangu unabebwa mgongoni. Mlima hauna haraka. Wanaotoka geti la Marangu kwa mbwembwe utawakuta Horombo, kambi ya pili, wamejikunja, kichwa kinawagonga, hata chai hawaitaki.

Miaka ile nimeshaacha kubeba mizigo, namsaidia kiongozi usiku wa kileleni, nilipewa mgeni mmoja wa makamo, mkimya. Tulitoka Kibo Hut, kambi ya mwisho, saa sita usiku kama kawaida. Ile changarawe unaijua kwa hadithi zangu: unapanda hatua mbili, unateleza moja. Maji yaliganda chupani. Jua linachomoza tuko Gilman's, kwenye ukingo wa kreta. Kutoka pale hadi Uhuru, kileleni kabisa, mita 5,895, ni kuzunguka ukingo tu, karibu saa mbili, mwinuko mkali umeshaumaliza. Yule bwana akakaa juu ya jiwe, akamega chokoleti, akanipa nusu. Akasema inatosha, tushuke.

Hakuwa anatapika wala kuyumba. Nilimsihi, akatabasamu tu, anatafuna. Pesa yote ile aliyolipa!

Horombo wagumu wenzangu, wapagazi wa mlimani, walimcheka, nami nikacheka nao. Usiku sikulala. Mama yako ananijua, mimi lazima nimalize: shamba, sahani, hata ugomvi. Mtu wa aina yangu kufika hakumpi taabu. Kugeuka pale, kilele unakiona kwa macho, mwili una nguvu, mimi nisingeweza, na mpaka leo kinanikera kwamba yeye aliweza bila hata kukunja uso. Au labda alichoka tu, nami namvika kilemba cha ukoka. Sijui. Lakini mtu aliyechoka hagawi chokoleti.

Wewe umerithi ubishi wangu, ndiyo maana nasita. Ukienda, lipieni ile siku ya ziada ya kupumzika Horombo, hata wenzako wakiona ni hasara, na unywe maji hata bila kiu. Ningekuwa wewe… basi, sisemi, uamuzi ni wako. Mama yako ameshazitoa soksi za sufu sandukuni, nami nimemwambia hujaamua.

Baba yako