Ng'ombe Asiposhika Mimba, Anza Kuangalia Miezi Miwili Nyuma

Niliwahi kumwuza ng'ombe mzuri kwa kosa lililokuwa langu. Alikuwa amezaa mara mbili bila shida, lakini baada ya uzao wa pili alihamilishwa, yaani kuwekewa mbegu na mtaalamu bila dume, mara nne na kila mara akarudi kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka kupandwa, nami nikaamua kwamba kizazi chake kimeharibika. Aliyemnunua alimlisha vizuri kwa miezi michache, akampandisha kwa dume, na ng'ombe akashika mimba mara moja. Tangu siku niliyopata habari hizo, kila ninapoona ng'ombe au kondoo asiyeshika mimba sianzi na mnyama mwenyewe. Ninaanza kwa kujiuliza alikula nini, aliugua nini na alitunzwaje katika miezi miwili iliyotangulia, kwa kuwa mara nyingi kasoro inayoonekana leo ilianza huko.

Katika lishe ndipo nilipokosea zaidi. Ng'ombe aliyezaa huanza kutoa maziwa mengi kabla hamu yake ya kula haijarudi sawasawa, hivyo mwili huyeyusha mafuta yake wenyewe ili kufidia upungufu. Hali hiyo ikizidi, homoni zinazopevusha yai hupungua, na joto huchelewa au hupita kimya bila dalili. Ng'ombe wangu alikuwa akikonda mbele ya macho yangu huku mimi nikifurahia ndoo iliyojaa. Siku hizi ninapima hali ya mwili kwa kipimo cha 1 hadi 5, kwa kupapasa kiuno, mbavu na shina la mkia, na ninataka ng'ombe wa maziwa azae akiwa kwenye 3 au zaidi kidogo. Akizaa akiwa amenenepa kupita kiasi, atakula kidogo baada ya kuzaa na atakonda haraka kuliko wenzake. Kwa sababu mimba ya ng'ombe huchukua takribani siku 283, anayetaka ndama kila mwaka ana siku 80 hivi tu tangu kuzaa hadi mimba mpya kushika. Muda huo hautoshi kumnenepesha mnyama aliyekwisha kudhoofika. Kazi hiyo hufanyika kabla ya kuzaa, katika miezi miwili ambayo hakamuliwi.

Kwa kondoo, kanuni ni ileile lakini matokeo huonekana upesi. Kondoo jike mwenye hali ya wastani akiongezewa chakula bora wiki mbili au tatu kabla ya kupandishwa, hupevusha mayai mengi zaidi, na uwezekano wa kupata pacha huongezeka. Aliyekwisha kunenepa hanufaiki sana na nyongeza hiyo. Madini nayo yana sehemu yake, hasa fosforasi, seleni, iodini na shaba, lakini nawasihi wafugaji wenzangu wasiwape kondoo madini ya kulamba yaliyotengenezwa kwa ajili ya ng'ombe. Kiasi cha shaba ambacho ng'ombe hukihitaji hujilimbikiza katika ini la kondoo na kinaweza kumuua.

Kuhusu mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, usihesabu umri peke yake. Apandishwe akifikia takribani asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa ng'ombe mzima wa aina yake. Na mtamba aliyezaliwa pacha na ndama dume usimtunze kwa matumaini ya uzazi, kwani zaidi ya 9 kati ya 10 wa namna hiyo ni tasa tangu tumboni.

Kosa langu la pili lilikuwa la macho. Joto la ng'ombe hurudi kila baada ya siku 21, kwa kawaida kati ya 18 na 24, na hudumu saa 12 hadi 18 tu, mara nyingi usiku. Dalili ya kutegemewa ni moja: anasimama kwa utulivu wenzake wanapompanda. Ute mwangavu, kulialia na kutotulia ni vya kuashiria tu. Mimi nilikuwa nikimwita mhamilishaji nilipoona damu kidogo nyuma ya ng'ombe, nikidhani ndiyo kilele cha joto, kumbe damu hiyo hutoka siku moja hadi tatu baada ya joto kwisha. Nikipitia kumbukumbu zangu, naona kwamba angalau mara mbili kati ya zile nne mbegu iliwekwa wakati yai lilikwisha kupita. Sasa ninafuata utaratibu wa zamani: aliyeonekana kwenye joto asubuhi huhamilishwa jioni, na wa jioni huhamilishwa asubuhi inayofuata. Damu nikiiona, ninaandika tarehe kwenye daftari na kujiandaa kwa joto linalofuata baada ya siku 18 hivi.

Daftari hilo hufichua pia mambo ambayo macho hayaoni. Ng'ombe anayerudi kwenye joto baada ya siku 21 kamili huenda hakushika mimba kabisa, lakini anayerudi baada ya siku 30 au 40 huenda alishika na kiinitete kikafa. Wakiwa wengi wa namna hiyo na wote wamepandwa na dume mmoja, mfugaji amshuku dume huyo kwamba anaeneza maambukizi ya via vya uzazi, kama vile trikomonasi au kampilobakta, na amwite daktari wa mifugo kabla dume hajampanda jike mwingine. Mimba zikitupwa, hasa baada ya mwezi wa tano kwa ng'ombe, lazima ugonjwa wa brusela upimwe. Usiguse kijusi wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu, na maziwa yachemshwe, kwa sababu ugonjwa huo huwaingia watu na huwatesa kwa muda mrefu. Kwa kondoo, chakula kilichochafuliwa na kinyesi cha paka huleta vimelea vya toksoplasma, ambavyo navyo husababisha mimba kutupwa. Mwanamke mjamzito asisaidie kabisa kondoo wanaozaa.

Jambo ambalo wafugaji wengi hulisahau ni dume. Kondoo jike haonyeshi joto waziwazi kama ng'ombe. Mzunguko wake ni wa siku 17 na joto lake hudumu saa 24 hadi 36, na anayelitambua vizuri ni dume mwenyewe. Kwa hiyo mimi humpaka dume rangi kifuani, ambayo humwachia alama kila jike anayempanda, na kuibadilisha kila baada ya siku 17, na nikiona majike wengi wana alama za rangi mbili, najua kwamba dume anapanda lakini mimba hazishiki.

Mwaka mmoja karibu kundi zima lilikuwa na alama za rangi mbili. Dume wangu alikuwa ameugua jipu la kwato na homa kali mwezi mmoja kabla, akapona, akala vizuri, akawa na nguvu zake zote, nami nikamwachia majike 35. Sikujua kwamba korodani zinahitaji ubaridi kuliko mwili, na kwamba mbegu za kondoo huchukua takribani wiki 7 kutengenezwa, hivyo zile alizokuwa akizitoa zilikuwa zimeungua ndani ya homa ile. Fahali huhitaji muda mrefu zaidi kidogo, karibu miezi miwili. Nilimwazima dume mwingine, akapimwa kwanza na daktari, na majike wakashika mimba, lakini walizaa wiki tano baada ya wakati niliopanga, malisho yalipokwisha kukauka, na wanakondoo wa mwaka huo hawakufikia uzito wa wale waliowatangulia. Tangu hapo ninamkagua dume miezi miwili kabla ya kupandisha: korodani, kwato, macho, meno na hali ya mwili, na akiwa amepata homa katika kipindi hicho, namtafuta mwingine mapema.