Spika Kwanza: Niliyojifunza Nikijitengenezea Ampli ya Gitaa

Ampli ya kwanza niliyoiua haikuwa hata yangu. Ilikuwa ya kwaya. Mpiga besi alilalamika ibada nzima kwamba hajisikii, nikaona dawa ni kuongeza spika. Nyumbani nilikuwa na spika mbili za gari, za omu 4 kila moja (omu ni kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme kupita). Nikazifunga chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, nikachomeka. Zilipiga vizuri wimbo mmoja na nusu. Kisha sauti ikaanza kukatakata, harufu ya plastiki ikatangulia, moshi ukafuata, na mwalimu wa kwaya akanitupia jicho ambalo sijalisahau.

Fundi aliyeifungua hakunigombeza. Alichukua mita ya kupimia umeme, akaiweka kwenye omu, akanipa zile nyaya mbili niguse miguu ya spika moja. Ikasoma 3.2. Akaniambia nizifunge zote mbili kama nilivyozifunga kanisani, nipime tena. 1.6. Akageuza ampli, akanionyesha maandishi madogo pembeni ya tundu la spika: omu 4 kwenda juu. Basi. Hilo ndilo somo langu la kwanza la elektroniki, na lilinigharimu transista mbili na posho ya mwezi.

Ndiyo maana kijana akinijia na mchoro wa saketi kwenye simu, akitaka kujua aanze na upi, mimi namuuliza kwanza ana spika gani. Wengi hawana jibu. Wamesoma wati, hawajasoma omu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Spika mbili za omu 8 ukizifunga sambamba, kama nilivyofanya mimi, unapata omu 4. Ukizifunga kwa mfuatano, chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, unapata 16. Nne za omu 8 unaweza kuzifunga mbilimbili kwa mfuatano, halafu jozi hizo mbili sambamba, ukarudi palepale kwenye 8. Ampli ya transista au ya aisi, yaani saketi nzima iliyofungwa kwenye kipande kimoja kidogo, haina shida na omu nyingi. Itapiga kwa sauti ndogo tu. Omu zikipungua chini ya kiwango ndipo mkondo unapozidi, bati la kupozea linakuwa la kukaangia chapati, na kitu kinaungua. Usishangae pia mita ikikusomea 6 na kitu kwenye spika iliyoandikwa 8. Mita inapima waya wa koili tu. Ile 8 ni ya spika ikiwa inapiga.

Sasa saketi. Anza na LM386. Ni aisi ndogo ya miguu minane, inaishi kwa betri ya volti 9, na hata ukikosea haikuumizi. Umeme wa ukutani uache kwanza. Volti 230 hazina mwanafunzi. Betri chanya mguu wa 6, hasi mguu wa 4, pamoja na mguu wa 2. Gitaa linaingia mguu wa 3 kupitia kitasa cha volyumu. Sauti inatoka mguu wa 5, inapita kwenye kapasita, kile kifaa cha kuhifadhi umeme, ya mikrofaradi 220, upande wake wa chanya ukitazama aisi, ndipo iende kwenye spika. Ilivyo hivyo inakuza mara 20. Ukiweka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya mguu wa 1 na wa 8, inakuza mara 200. Mimi niliiweka siku ya kwanza kwa tamaa, nikapata kelele, mluzi, na mtangazaji wa redio akisoma salamu za wasikilizaji ndani ya chumba changu. Fupisha nyaya za kuingilia, tumia waya wenye kinga, na usisahau rezista, kizuizi cha mkondo, ya omu 10 na kapasita ya nanofaradi 47 zikifuatana kutoka mguu wa 5 kwenda hasi. Michoro mingi inaziruka. Hizo ndizo zinazoizuia ampli isijipigie filimbi yenyewe.

Utaona sauti ya gitaa imefifia kidogo, kama mtu anaongea nyuma ya pazia. Pikapu za gitaa, zile sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi, ni dhaifu, zinataka mlango wenye ukinzani mkubwa, karibu omu milioni moja, na LM386 ina kama elfu 50 tu. Tangulizia hatua moja ya aisi ya TL072, yenye rezista ya omu milioni 1 mlangoni, uone nyuzi nyembamba zinavyofunguka.

Kuna jambo jingine ambalo michoro ya mtandaoni haikuambii. Mingi imechorwa na watu wanaopenda gitaa linalokoroma, sauti ikipasuka kwa ampli kuzidiwa. LM386 inakoroma haraka sana, haifiki hata wati moja. Kwa mpiga solo wa dansi, anayetaka kila noti idondoke kama tone la maji, hiyo ni hasara. Unahitaji nafasi ya ziada, wati ambazo huzitumii. Hapo panda kwenye TDA2003, aisi ya redio za gari, kwa betri ya volti 12. Spika ya omu 8 itakupa kama wati moja na nusu safi, ya omu 4 mara mbili yake. Aisi hizi Kariakoo zimejaa, na za kughushi nazo zimejaa. Nunua tatu, moja itakufa.

Wati moja na nusu zinaonekana kichekesho. Zifunge kwenye spika ya inchi 12 iliyotengenezwa kwa gitaa, ndani ya kasha la mbao, mwenzako atakuomba upunguze. Spika hupimwa pia kwa desibeli inazotoa kwa wati moja, na kila desibeli 3 zaidi ni sawa na kuongeza wati maradufu. Spika ya 98 inaishinda ya 89 kama ampli yako imekua mara nane, bure. Zile za gari na za sabufa mara nyingi ziko chini, kwa sababu zimepunguziwa sauti ili zipate besi. Tena twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ichomoe. Gitaa likikoroma kwenye twita linasikika kama nyuki kwenye kopo.

Ukiwa na spika mbili, kabla ya kufunga kasha chukua betri ya volti 1.5, gusisha kwenye miguu ya kila spika kwa sekunde moja tu. Karatasi ikiruka mbele, mguu uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika, hata kama alama inasema vingine. Moja ikienda mbele na nyingine nyuma, besi zote zinapotea katikati, na utahangaika wiki nzima na saketi isiyo na kosa.

Ampli za valvu, zile za kizamani zenye mirija ya kioo badala ya transista, ziache kwa sasa. Kule sheria zinabadilika: transfoma ya kutolea sauti inataka omu zilezile zilizoandikwa, na kuiwasha bila spika kabisa kunaweza kuiua. Ndani kuna volti 300 na zaidi, na kapasita huzihifadhi hata waya ukiwa umeshachomolewa ukutani. Nimewahi kuifungua moja. Nilikaa nayo nusu saa mkono mmoja ukiwa mfukoni, kama fundi wangu alivyonifundisha, kisha nikaifunga nikampelekea yeye.