Kioo kibaki au kitoke? Maswali yenu kuhusu DSLR na kamera mpya

Barua za mwezi huu zimetoka Nakuru, Kisumu, Kakamega na Bungoma, na karibu zote zinazunguka jambo moja: DSLR (kamera yenye kioo ndani) iliyolisha familia miaka yote hii iuzwe ili inunuliwe kamera isiyo na kioo, au iendelee na kazi? Jibu linategemea kazi unayoifanya na lenzi ulizo nazo, kwa hivyo tumezichukua barua moja moja.

Napiga picha za harusi Nakuru na Njoro. Nina Canon 5D Mark III na lenzi tatu: 24-105 f/4, 50 f/1.8 na 85 f/1.8. Duka moja liko tayari kuichukua bodi yangu (kamera bila lenzi), niongeze pesa kidogo, nipewe EOS RP isiyo na kioo. Wenzangu wananihimiza kwamba DSLR zimekufa. Ile 85 nayo inanisumbua, picha nyingi hazitoki kali machoni. Nishaurini. — Mpiga picha, Section 58, Nakuru

Usikubali mabadilishano hayo, ndugu yetu. Tuanze na hiyo 85, maana ndiyo inayokusukuma uuze.

Ndani ya 5D, mwanga ukishapita kwenye lenzi hugonga kioo kilichoinama nyuzi 45, ukapanda hadi kwenye prizimu na kufika jichoni mwako. Sehemu yake ndogo hupenya kioo hicho na kuelekezwa chini, kwenye kifaa kinachopima fokasi, yaani mahali picha inapokuwa kali. Kifaa hicho na sensa inayonasa picha ni vitu viwili, kila kimoja na mahali pake. Vikipishana kidogo tu, kamera itakuambia fokasi imeshika machoni kumbe imeshika masikioni. Kwenye f/8, tundu la lenzi likiwa dogo, hutaona kosa hilo, lakini kwenye f/1.8, likiwa wazi kabisa, litakuumbua. RP haina kioo. Sensa inayonasa picha ndiyo hiyo hiyo inayotafuta fokasi, hivyo kosa la namna hii halina pa kutokea. Tena hulifuata jicho la bibi harusi hadi karibu na ukingo wa picha, ilhali pointi 61 za fokasi za 5D zimerundikana katikati. Hapo kamera mpya imeshinda, na hatuna sababu ya kuficha.

Sasa tazama unachokitoa. 5D ina nafasi mbili za kadi, moja ya CF na nyingine ya SD, kwa hivyo kila picha inaweza kuandikwa mara mbili. RP ina nafasi moja tu ya SD. Kadi ikifa saa ya viapo, harusi hairudiwi. Hilo peke yake lingetosha kutufanya tukatae kuifanya RP kuwa kamera ya pekee ya mpiga picha wa harusi. Betri nayo: kwa kipimo cha viwanda, LP-E6 ya 5D hutoa picha 950, na LP-E17 ya RP hutoa 250. Harusini utapata zaidi ya hapo kwa kuwa unapiga mfululizo, lakini tofauti ya karibu mara nne inabaki pale pale, na betri zako za sasa haziingii RP. Video ya 4K ya RP hukata kingo za picha na kupoteza ile fokasi nzuri ya sensa. Ubora wa picha yenyewe, megapikseli 22.3 dhidi ya 26.2, hakuna mama mkwe atakayeuona kwenye albamu. Faida utakayoihisi ni mkononi: bodi ya 5D ina gramu 860, ya RP 440.

Kabla ya kuuza chochote, rekebisha fokasi ya 85 kwenye menyu ya 5D. Weka kamera kwenye stendi imara. Bandika gazeti ukutani mahali penye mwanga wa mchana, umbali wa mara 50 ya milimita zilizoandikwa kwenye lenzi, yaani mita 4 na robo hivi kwa 85. Fungua lenzi f/1.8, tumia pointi ya katikati. Piga picha tano, na kabla ya kila moja izungushe fokasi ipotee kabisa ili kamera ianze upya kuitafuta. Kisha piga nyingine tano kwa kutumia skrini ya nyuma badala ya kitazamio, yaani kile kidirisha cha kuchungulia kwa jicho. Kwa skrini, 5D huinua kioo na kupima fokasi kwa sensa yenyewe, hivyo hizo ndizo picha zako za kweli za kulinganishia. Kama za kitazamio ni hafifu, ingia kwenye marekebisho ya fokasi ya lenzi, ambayo huenda kutoka hasi 20 hadi chanya 20. Fokasi ikiangukia nyuma ya shabaha sogeza kwenye hasi, ikiangukia mbele sogeza kwenye chanya, hatua tano tano, ukipiga tena kila mara. Nusu saa inatosha. Kwa 24-105 rekebisha ncha zote mbili, ya 24 (upana) na ya 105 (urefu), kwani 5D Mark III hutunza namba ya upana na namba ya urefu kila moja mbali.

Siku utakapohama, tafuta Canon R6, isiyo na kioo, ya mkono wa pili. Ina nafasi mbili za SD, inatumia betri zako za LP-E6, na sensa yake hutulizwa ndani ya bodi mkono ukitetemeka. Lenzi zako zote tatu zitaingia kwa adapta. Mlango wa EF, wa 5D na lenzi zako, uko milimita 44 kutoka kwenye sensa, wa RF, wa kamera mpya, uko 20, na adapta inajaza zile 24 zinazobaki. Ndani yake hamna lenzi yoyote, hivyo picha haipungui ubora. 5D ibaki kwenye mkoba kama bodi ya pili.

Nimenunua Sony a7 III. Kanisani kwetu Milimani, Kisumu, natumia shata ya kimya nisisumbue ibada, lakini picha zinatoka na mistari ya giza iliyolala. Nimeuziwa kamera mbovu? — Dada wa kwaya

Kamera yako ni nzima, dada. Kwenye shata ya kimya hakuna pazia linalofunguka na kufunga. Sensa husomwa mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, na kusoma huko kunachukua muda. Stima yetu ni ya hezi 50, na taa nyingi za tyubu na LED za bei nafuu humetameta mara 100 kwa sekunde, ingawa jicho halioni. Mistari ya sensa iliyosomwa taa ikiwa imefifia ndiyo unayoiona nyeusi.

Weka kasi ya shata 1/100 au 1/50 ya sekunde na uiache hapo, kisha tafuta mwanga kwa ISO, yaani wepesi wa sensa kuhisi mwanga. Kwa 1/100 kila mstari hukusanya mmeto mmoja kamili, kwa 1/50 miwili, na giza hutoweka. Taa za jukwaani na skrini kubwa za LED zina mapigo yao tofauti, kwa hivyo hapo badilisha kasi kidogo kidogo huku ukikagua picha. Wapiga ngoma na mikono inayopiga makofi itaonekana imepinda kwenye shata ya kimya, na flashi haitawaka kabisa. Itunze shata hiyo kwa maombi na mahubiri. Kwaya inapoimba rudi kwenye shata ya kawaida, hakuna atakayeisikia.

Studio yetu hapa Bungoma tulikuwa na Canon 600D na taa mbili za flashi. Tumebadilisha tukanunua R10 isiyo na kioo, na sasa tukiweka 1/160 na f/8 skrini inakuwa nyeusi tii, ingawa picha yenyewe inatoka sawa. — Studio ya pasipoti, Bungoma

R10 inakuonyesha picha jinsi itakavyokuwa kwa mwanga uliopo chumbani, na haijui kuwa taa zako zitawaka. Trigger (kifaa cha kuwasha taa) inayotumia pini ya katikati peke yake haizungumzi na kamera. Kwenye menyu tafuta mstari wenye neno “simulation”, uzime. Skrini itang'aa muda wote, nawe utapima mwanga kwa picha ya majaribio kama mlivyozoea kwenye 600D. Anayefikiria kununua R50 kwa kazi hii ajue kwamba kiti chake cha flashi hakina pini za kawaida, hivyo flashi za Canon za zamani hudai adapta ya AD-E1.

Mulembe mhariri. Ninapiga picha za mapigano ya mafahali huku Ikolomani. Yanaanza alfajiri, kuna ukungu na vumbi, na watu wanakimbia pande zote. Nina DSLR ya Nikon D750, 70-200 f/2.8 VR II, na 50 f/1.8D. Nimeona Nikon Z5, isiyo na kioo, bei nzuri. Nichukue? — Mpiga picha, Malinya

Mulembe muno. Kwa kazi hiyo, Z5 ingekuwa kurudi nyuma. D750 hupiga fremu 6.5 kwa sekunde, Z5 hupiga 4.5, na fahali wawili wakishikana pembe fremu hizo mbili ndizo zinazobeba picha. Utambuzi wa macho ya wanyama kwenye Z5 ulitengenezewa mbwa na paka, usitegemee umtambue fahali. Kitazamio cha D750 nacho kinaonyesha kinachotokea wakati huo huo bila kula betri, hivyo unaweza kukaa jicho limebanwa pale kwa dakika kumi ukimngoja dume aamue. Kwenye kamera isiyo na kioo, kusubiri huko ndiko kunakomaliza betri.

Lenzi zako pia zina neno. Adapta ya FTZ, inayoziunganisha lenzi zako na Z5, itaipa uhai 70-200 kwa sababu lenzi za AF-S kama hiyo zina mota ya fokasi ndani. Ile 50 ya herufi D haina mota. Fokasi yake huzungushwa na skrubu ndogo unayoiona kwenye ukingo wa mlango wa D750, kama ncha ya bisibisi. FTZ haina skrubu hiyo. Lenzi itapiga picha, ila fokasi utaizungusha kwa mkono, na kwa fahali anayekuja mbio hilo haliwezekani.

Fanya hivi na D750: fokasi kwenye AF-C (inayofuata kinachosogea), kundi la pointi 21, lenzi f/2.8, shata 1/800, ISO ijiendeshe yenyewe mpaka 6400. Jua likichomoza panda hadi 1/1250. Kitufe cha AE-L/AF-L kipe kazi ya kuanzisha fokasi, ili kidole cha shata kibaki kupiga tu. Mtu akikatiza mbele yako, achilia kitufe hicho na fokasi itabaki kwa fahali. Usibadilishe lenzi uwanjani. Ngoma ya isukuti ikianza na umati ukaingia, vumbi linafika hata pale usipoliona.

Nimehamishwa kikazi kutoka Nakuru kuja Kisumu na kamera yangu isiyo na kioo. Nakuru vumbi lilikuwa likiingia kwenye sensa, hapa naambiwa kuna kuvu. Nijikinge vipi? — Mwalimu, Kisumu

Ukitoa lenzi kwenye DSLR, kioo na shata vinaikinga sensa. Kwenye nyingi zisizo na kioo, sensa iko wazi kama kidonda. Baadhi, mfano EOS R, R5 na R6, hufunga shata ukizima, RP haifungi. Zima kamera, ielekeze mdomo chini, ubadilishe lenzi haraka. Kujua kama kuna vumbi, weka f/16 na ISO 100, vuruga fokasi, na upige ukuta mweupe huku ukiisogeza kamera polepole. Doa linalobaki mahali pamoja liko kwenye sensa. Lipulizie kwa pampu ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yatakauka yawe doa baya zaidi, wala kwa kopo la hewa, kwa maana hutema kimiminika baridi. Wenye DSLR wahakikishe betri imejaa kabla ya kuinua kioo kwa usafi. Ikiisha katikati, shata na kioo vitaangukia kifaa chako cha usafi.

Kuvu inapenda giza, joto na unyevu, na Kisumu ina vyote vitatu. Mkoba wa ngozi ndio makao mabaya kuliko yote. Nunua kopo la plastiki la kuhifadhia chakula lenye mpira kwenye kifuniko, weka vifuko vya silika na kipima unyevu kidogo, ukilenga asilimia 40 hadi 50. Mchele usiuweke, una unga. Kila mwezi mulika tochi kupitia lenzi. Ukiona kitu kama utando wa buibui, itenge na nyingine na umpelekee fundi mapema, kwani kuvu ikikomaa hula kipako cha kinga cha kioo cha lenzi na hicho hakirudi.

Nimeonyeshwa D750 na 5D Mark III, zote zimetumika. Muuzaji anasema zimepiga picha chache. Nitajuaje? — Mwanafunzi, Njoro

Kwa D750, piga picha moja ya JPEG na uifungue kwenye programu inayosoma taarifa za picha. Hesabu ya shata imo ndani. 5D haiandiki hesabu hiyo kwenye picha, inabidi uunganishe kamera na kompyuta kwa waya wa USB na utumie programu ya kuisoma. Shata za zote mbili zilikadiriwa mizunguko 150,000. Kamera yenye 140,000 inaweza kuishi miaka, lakini bei iwe imehesabu shata mpya. Muuzaji akikukataza kuunganisha waya, mshukuru uondoke.

Kompyuta yetu ina Lightroom 6 (programu ya kuhariri picha), na picha za RAW, zile faili ghafi, za kamera mpya hazifunguki. — Studio, Kakamega

Canon mpya huandika faili za CR3, na kamera hizo zote zilitoka baada ya Lightroom 6 kuacha kusasishwa mwaka 2017. Pakueni DNG Converter ya Adobe, ni ya bure. Geuzeni faili kuwa DNG, kisha ziingizeni kama kawaida. Tengeni nafasi ya kutosha kwenye diski, na faili za CR3 msizifute hadi mteja achukue kazi yake.